Chapati za Tofu kwa Ajili ya Matembezi: Kununua, Kupika na Kubeba kwa Usalama

Chapati iliyokunjwa ikiwa na kitu ndani yake si jambo geni Afrika Mashariki. Kampala huikunjia mayai na kuiita rolex, na katika nyumba nyingi za Mkoa wa Pwani chapati iliyobaki usiku hukunjiwa maharage asubuhi, mtoto akapewa aende nayo shuleni. Kilicho kigeni kidogo ni kuijaza tofu. Hata hivyo, wapo walaji wanaoizoea kwa sababu mbalimbali: waumini wa Kisabato wasiokula nyama, wenye asili ya Kihindi wanaofuata desturi hiyo hiyo, wagonjwa walioshauriwa kupunguza nyama nyekundu, na vijana ambao wameipenda tu. Kwa safari ya mchana mmoja ni chakula kinachofaa sana, kwa kuwa huliwa kwa mkono, hakihitaji sahani, na hushibisha.

Tunaandika makala hii kwa sababu moja hasa. Ipo fikra iliyoenea kwamba chakula kisicho na nyama wala samaki hakina hatari, na kwamba mama aliyefungasha mboga tupu anaweza kuziacha juani tangu asubuhi hadi alasiri bila wasiwasi. Kwa mchicha mkavu au mhogo wa kuchoma fikra hiyo ina ukweli kiasi. Kwa tofu haina. Tofu ina maji mengi na protini nyingi, tena haina ukali wa siki wala wingi wa chumvi wa kuzuia vijidudu, na katika joto la Pwani huharibika kwa mwendo ule ule wa nyama iliyopikwa.

Tutachukua mfano wa familia ya watu sita kutoka Kata ya Kurui, wilayani Kisarawe, iliyoamua kuitumia siku moja ya likizo ya Desemba katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, kuliona Bwawa la Minaki na yale mapango ya machimbo ya kaolini yaliyogeuka makazi ya popo. Tumechagua Desemba kwa makusudi. Shule zimefungwa, maembe yamejaa, na joto la mchana hupita nyuzi 30 za Selsiasi kwa urahisi.

Tofu ni nini

Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa na kukamuliwa, kama vile jibini inavyotokana na maziwa ya ng'ombe. Asili yake ni Uchina, ambako imeliwa kwa karne nyingi. Zao la soya lenyewe si la jana hapa kwetu: lilijaribiwa katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, mwaka 1907, na leo hulimwa zaidi Ruvuma na mikoa mingine ya Nyanda za Juu Kusini. Punje kavu ya soya ina protini inayozidi theluthi moja ya uzito wake. Tofu, kwa kuwa imebeba maji, huwa na gramu 8 hadi 17 za protini katika kila gramu 100, kutegemea ilivyokamuliwa. Ile laini, inayotikisika kama uji mzito uliopoa, ina kidogo. Ile ngumu ina nyingi. Kwa chapati ya kubeba tunashauri ngumu peke yake, maana laini humwaga maji na kuilowesha chapati kabla safari haijafika nusu.

Kuinunua

Tofu huuzwa zaidi katika maduka makubwa ya Dar es Salaam, na kwa mkazi wa Kurui au Kibaha hilo lina maana kwamba safari ya chakula hiki huanza siku moja au mbili kabla ya matembezi yenyewe. Kuna aina mbili madukani, nazo hazitunzwi sawa. Ya kwanza hukaa ndani ya maji katika kopo au pakiti ya plastiki na ni lazima iwe kwenye jokofu, katika nyuzi 5 au chini yake, tangu kiwandani hadi jikoni kwako. Ya pili hufungwa katika boksi maalumu lililosafishwa vijidudu, kama yale ya maziwa yanayodumu, na inaweza kukaa rafuni bila jokofu mpaka itakapofunguliwa. Lebo ndiyo inayotofautisha. Ukiikuta tofu ya aina ya kwanza imewekwa rafuni pamoja na biskuti, iache hapo ilipo na umwarifu msimamizi wa duka.

Tazama mambo machache kabla ya kulipa. Tarehe ya mwisho wa matumizi isomeke bila kufutwa wala kubandikwa nyingine juu yake. Pakiti isiwe imevimba, kwa kuwa uvimbe ni hewa inayotolewa na vijidudu vilivyokwisha anza kazi. Maji yaliyomo yawe angavu. Orodha ya viambato iwe fupi: maji, soya na kigandishi, ambacho aghalabu ni chumvi ya kalisi au ya magnesi. Lebo isiyosomeka kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza ni sababu tosha ya kuirudisha bidhaa, kwa kuwa mlaji asiyeweza kusoma hawezi kujilinda. Usimamizi wa usalama wa chakula Tanzania Bara ulikuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa hadi mwaka 2019, ulipohamishiwa kwetu, Shirika la Viwango Tanzania. Kwa hiyo malalamiko kuhusu chakula kilichofungashwa yaletwe katika ofisi zetu, yakiambatana na pakiti yenyewe na risiti. Tunasisitiza risiti. Bila hiyo ni vigumu kuthibitisha bidhaa ilinunuliwa wapi na lini, na muuzaji asiye mwaminifu analijua hilo vizuri kuliko mlaji.

Jambo la mzio halizungumzwi vya kutosha nchini mwetu. Soya, ngano, karanga na ufuta ni miongoni mwa vyakula vinavyoweza kumletea mtu mwenye mzio vipele, uvimbe wa midomo, hata kushindwa kupumua, na chapati tunayoieleza hapa ina vitatu kati ya hivyo. Ukiwaalika watoto wa jirani kwenye matembezi, waulize wazazi wao kwanza. Na kwa mlaji asiyekula kitu chochote cha mnyama, asome pia lebo ya siagi ya mimea na ya viungo vya pakiti, kwani baadhi huwa na maziwa au mafuta ya mnyama.

Asiyepata tofu, au asiye na jokofu la kuihifadhia, tunamshauri bila kusita atumie nyama ya soya, vile vipande vikavu vinavyouzwa kwa vipimo au katika pakiti. Hukaa muda mrefu vikiwa vikavu, hulowekwa katika maji ya moto siku ile ile, na baada ya kukamuliwa hupikwa kwa viungo vile vile tutakavyovitaja. Kwa kusema kweli, kwa nyumba nyingi za Kurui huu ndio uchaguzi ulio bora.

Kuitengeneza nyumbani

Wapo wanaopenda kugandisha tofu yao wenyewe, na tunaona ni jambo jema mradi hatua moja isirukwe. Loweka nusu kilo ya soya safi katika maji mengi kwa usiku mmoja, menya maganda yanayoachia, saga kwa blenda au mashine pamoja na maji lita 4 hivi, kisha chuja kwa kitambaa safi cheupe na ukamue. Maziwa hayo yachemshe kwa moto wa wastani huku ukikoroga.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Maziwa ya soya hufura povu na kupanda juu ya sufuria kabla hayajachemka kwa kweli, na mpishi akiona povu huepua. Soya isiyoiva ina vitu vinavyozuia mwili kumeng'enya protini, na aliyeinywa mbichi huumwa tumbo na kutapika. Punguza moto, koroga povu lishuke, acha maziwa yachemke sawasawa, na kuanzia hapo uhesabu dakika 10 au zaidi. Baada ya kuepua, subiri kidogo, mimina maji ya ndimu au siki kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu, mpaka mabonge yajitenge na maji ya manjano. Mimina yote katika kitambaa, funga, na uweke kitu kizito juu yake kwa nusu saa au zaidi. Tofu ya nyumbani haina kinga ya kiwandani. Ipikwe siku hiyo hiyo, au ikae jokofuni ndani ya maji safi yanayobadilishwa kila siku, na kwa vyovyote isipite siku tatu.

Mapishi ya watu sita

Kwa chapati 8 utahitaji unga wa ngano nusu kilo, tofu ngumu gramu 400 hadi 500, robo ya kabichi, karoti 2, tango 1, pilipili hoho 1, kitunguu maji 1, ndimu 3, punje kadhaa za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, kijiko kimoja cha binzari nyembamba, chumvi, mafuta, na vijiko vikubwa 4 vya karanga zilizokaangwa na kusagwa. Unga na mafuta vya viwandani hapa nchini hutakiwa kurutubishwa, unga kwa madini ya chuma na asidi ya foliki, mafuta kwa vitamini A. Tafuta maelezo hayo kwenye pakiti, pamoja na alama ya ubora ya TBS. Karanga zichambue kwa mkono kabla ya kukaanga. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe, wala usimpe kuku, kwa sababu zinaweza kuwa na sumukuvu. Sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga, na mwaka 2016, ikiwa katika mahindi, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kanda unga kwa maji ya vuguvugu, chumvi na mafuta kidogo, uache upumzike nusu saa, kisha usukume chapati nyembamba na pana. Chapati nene hupasuka inapokunjwa. Zikishaiva zipange juu ya kitambaa safi zipoe kiasi kabla ya kuzifunika. Zikifunikwa zikiwa za moto sana hutoa jasho na kushikana.

Tofu ikamue maji kwa kuiweka kati ya vitambaa viwili na kuigandamiza kwa ubao na sufuria yenye maji, dakika 20 hadi 30. Usione uvivu katika hatua hii, maana tofu yenye maji hurusha mafuta kikaangoni na haishiki viungo. Ikate vipande virefu vyenye unene wa kidole, ipake saumu, tangawizi, binzari, chumvi na maji ya ndimu moja, iache jokofuni, au kwa muda mfupi tu ikiwa jokofu halipo. Kaanga kwa mafuta kiasi, dakika tatu au nne kila upande, mpaka iwe ya hudhurungi na ngumu kwa nje. Asiyekula bila mchuzi achanganye karanga zilizosagwa na ndimu, chumvi na maji kidogo yaliyochemshwa. Mayonezi ya kutengeneza nyumbani kwa mayai mabichi haifai kabisa kwa safari.

Mboga zioshwe katika maji safi na salama yanayotiririka kabla ya kukatwa, si baada. Zikate nyembamba, uzitie ndimu, na uzifunge katika chombo chenye mfuniko. Nyanya tumeiacha kwa makusudi kwa sababu ya maji yake. Anayeitaka atoe mbegu kwanza. Chumvi ya kachumbari ibebwe pembeni, itiwe wakati wa kula.

Saa sita kati ya jiko na mdomo

Turejee kwa familia yetu. Imemaliza kukaanga saa 2 asubuhi, na baada ya safari, matembezi na picha nyingi, inakaa kula saa 8 mchana. Bakteria wakipata joto, unyevu na chakula cha kutosha wanaweza kuongezeka maradufu katika kila dakika 20 hivi. Mmoja aliyeachwa na kidole kichafu saa 2 huweza kuwa 64 ifikapo saa 4. Mwendo huo ukiendelea bila kuzuiwa, saa 8 mchana watakuwa wamepita 260,000. Chakula hicho huenda kisibadilike harufu wala ladha, ndiyo maana kukionja si kipimo.

Joto linalowafaa vijidudu hao ni lile lililo kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Juu ya 60 wengi hawawezi kuongezeka. Chini ya 5 hupungua kasi sana. Kwa hiyo chakula cha safari kiwe cha moto hasa au cha baridi hasa. Uvuguvugu ndio hali mbaya kuliko zote, nao ndio hali ya chakula kilichofungwa kwenye mfuko wa kawaida na kuwekwa chini ya kiti cha basi. Kikiwa katika hali hiyo, kisipite saa 2 kabla ya kuliwa. Jua likiwa kali na joto la hewa limepita nyuzi 32, hesabu saa 1 tu.

Wengine husema watakipasha moto wakifika. Kwanza, msituni usitegemee kuwasha moto, kwani hifadhi ina taratibu zake na Desemba majani huwa makavu kama mvua za vuli hazikutosha. Pili, kupasha hakusaidii siku zote. Baadhi ya bakteria, wakiwemo wale wanaoishi puani na katika vidonda vya mikono yetu, huacha ndani ya chakula sumu isiyoharibiwa na moto wa jikoni. Utawaua wenyewe na sumu yao itabaki.

Lifanyike nini basi? Jambo tunalolitilia mkazo kuliko mengine yote ni kwamba chapati zisikunjwe nyumbani. Beba vitu vitatu mbalimbali: chapati kavu katika kitambaa ndani ya chombo, mboga katika chombo chake, na tofu peke yake. Mtakunja huko huko, kila mtu ya kwake, na watoto hulipenda hilo. Chapati kavu haina shida ya saa sita. Tofu ndiyo inayohitaji ulinzi, nao ni wa njia mbili.

Njia ya moto ni hotipoti. Ijaze maji yanayochemka na uifunge kwa dakika 10, yamwage, kisha utie tofu ikitoka kikaangoni moja kwa moja, ujaze hadi karibu na mfuniko, na usifungue hata kwa kuonja mpaka wakati wa kula. Hotipoti nzuri iliyojazwa hivyo hushika moto saa chache, lakini haidumu siku nzima. Ukiifungua ukakuta tofu haitoi mvuke tena na hujui imepoa tangu lini, usiwape watoto.

Njia ya baridi, ambayo kwa safari ya saa sita tunaiona bora zaidi, ni deli lenye barafu. Kaanga tofu jioni ya jana, ieneze katika sinia ipoe upesi, uiweke jokofuni kabla ya saa 2 kupita, na asubuhi uipakie katikati ya chupa za maji ya kunywa yaliyogandishwa. Chupa hizo zinafanya kazi mbili, kwani zikiyeyuka mtakunywa. Wasio na jokofu wanaweza kununua barafu na chupa hizo kwa wenye majokofu ya biashara, ila barafu isiyojulikana maji yake isigusane na chakula. Deli likae kivulini, wala lisiwekwe kwenye buti la gari lililoegeshwa juani.

Beba pia kipande cha sabuni na dumu la maji ya kunawa. Mikono iliyoshika mawe ya mapangoni, ambako popo hudondosha kinyesi, isishike chapati kabla ya kunawa kwa sabuni na maji tiririka.

Vifungashio

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, na walaji wengi wamerudi kwenye karatasi. Hilo ni jema, lakini karatasi iliyokwisha tumika, iwe ya gazeti, daftari au mfuko wa saruji, haifai kugusa chakula chenye mafuta. Mafuta huyeyusha wino na kuupeleka kwenye chapati, na hakuna ajuaye karatasi hiyo imepitia mikono gani. Jani la mgomba lililooshwa, likapitishwa juu ya moto kidogo ili lilainike, hufunga chapati vizuri kuliko karatasi yoyote, halina gharama Kisarawe, na huwa sahani likikunjuliwa. Karatasi ya alumini inafaa pia, isipokuwa isikae muda mrefu na vitu vyenye ndimu nyingi.

Ikitokea mtu ameugua

Kutapika, kuharisha na tumbo kusokota huweza kuanza saa moja tu baada ya kula, au siku ya pili. Mpe mgonjwa maji ya chumvichumvi ya pakiti, au kama hayapo, changanya lita 1 ya maji safi na salama na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, anywe kidogo kidogo. Mtoto mdogo, mjamzito, mzee, mwenye damu katika choo, mwenye homa kali au asiyeweza kubakiza hata maji tumboni apelekwe kituo cha afya bila kusubiri kesho. Mwenye uvimbe wa midomo au anayepumua kwa shida apelekwe papo hapo, kwa kuwa huo huweza kuwa mzio.

Kama tofu ilikuwa ya dukani, usitupe kilichobaki wala pakiti yake. Kifunge, ukiandike tarehe na saa ya kuliwa, kitunze kwenye baridi mbali na vyakula vingine, na ukilete pamoja na risiti katika ofisi yetu iliyo karibu au kwa afisa afya wa kata yako, ili sampuli iweze kupimwa na bidhaa iliyobaki sokoni ifuatiliwe.